Sanduku Lako Nitalibeba Mimi

Numbi mwanangu,

Ninaandika nikiwa jikoni, juu ya meza ya unga, na wewe uko upande wa pili wa ukuta, kwa Mama Kapinga, mnacheka. Kila mkicheka kalamu yangu inasimama. Hii ni jioni yako ya mwisho hapa Katuba, kesho asubuhi unapanda treni ya Kananga, na jioni yenyewe umeigawa: mimi umenipa sahani, yeye umempa kicheko. Bukari, ugali wangu, uliila haraka sana. Usifikiri sikuona.

Habari za blanketi, za maji ya kuchemsha na za kutolala usingizi mzito ndani ya treni nimekwisha kuzisema, mpaka umeanza kunimalizia maneno. Hapa sitazirudia. Hapa nataka kukuandikia habari ya wivu wangu, kwa sababu wewe unaijua nusu tu, ile nusu mbaya, na sitaki uende nayo peke yake.

Baba yako alipohamia Likasi kwa mke wake mwingine alichukua redio, godoro na picha yetu ya harusi. Picha sijui aliipeleka ya nini, labda yule mwanamke alitaka kujua alimshinda nani. Baiskeli aliiacha, kwa sababu alikuwa amepata pikipiki. Basi nikabaki na wewe mgongoni na kinga, kama tunavyoiita hapa, chuma cheusi cha kiume chenye bomba katikati. Kuipanda sikujua, na sikutaka kujua. Niliifanya punda. Nilikwenda nayo njia ya Kinsevere kwa wakulima, nikanunua mahindi, nikafunga magunia nyuma, nikasukuma mpaka kwenye mashine ya kusaga, kisha nikasukuma unga mpaka mlangoni petu. Miguu yako ilipoanza kuburuta kutoka mgongoni mwangu, nilikuhamishia juu ya magunia, na ulilala pale kama malkia.

Miaka yote hiyo nilitembea upande wa kushoto, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye gunia, baiskeli imeniegemea kidogo. Wauza makaa wenyewe walinipisha njiani. Katuba nzima hakuna aliyesukuma mzigo ukanyooka kama mimi. Najisifu, ndiyo. Nani mwingine atanisifu?

Nilijivunia pia kwamba unaniangalia. Wazee husema mwana hutazama kisogo cha nina. Kisogo changu ulikitazama sana, mwanangu, kisha siku moja ukageuza macho.

Unaikumbuka siku aliyokuja Mama Kapinga. Ilikuwa baada ya Pasaka, mvua zimekatika. Alisimama mlangoni na vile vikwembe vyake viwili, vitenge vilivyopigwa pasi, akasema kwa upole ule unaonichosha, "Mama Numbi, unikopeshe kinga yako. Nilipata kazi ya kufula ku Karavia, na kule bisi haifikake."

Nilicheka moyoni. Mwanamke mwenye wana watatu wenye ndevu, juu ya baiskeli ya kiume, na suruali serikali imetukataza sisi wanawake. Angekaaje juu ya lile bomba? Nikampa. Nikampa kwa mikono miwili, na wewe ukaniambia mama una roho nzuri. Roho nzuri gani? Nilitaka kumwona akianguka.

Na alianguka. Alianguka mbele ya nyumba yake, alianguka mbele ya yangu, aliangukia mfereji na nguo zote zile. Mimi nilikuwa nachekecha unga mlangoni, na sitakudanganya, ulikuwa mchana mtamu. Kisha nikatazama vizuri nikaona ni nani anayeshika kiti cha baiskeli kwa nyuma, anakimbia naye huku jasho linamtoka, anamwambia mama angalia mbele, usiangalie chini. Ni wewe. Utamu ukaisha hapo hapo.

Sikuwahi kukuona ukikimbia vile kwa ajili yangu. Labda kwa sababu mimi nilikuwa natembea.

Siku ulipoachia mkono, naye akaenda mwenyewe mpaka kwenye bomba la maji bila kukanyaga chini, uliingia nyumbani kama umefukuzwa na nyuki. Ulipita mbele yangu, ukachukua kopo la poda. Lile kopo nililinunua mimi, nikaliweka juu ya kabati lisubiri diploma yako, maana mtoto wa hapa akifaulu mtihani wa serikali hatoki barabarani bila kumwagiwa poda kichwani na watu wake. Ulitoka nalo ukammwagia yeye. "Amepita," ulipiga kelele, kama vile matokeo yametoka, na wanawake wa barabara nzima wakatoka na vigelegele. Alikuwa mweupe mpaka kope. Alikuwa analia.

Nami nikajiuliza, kwa kufika bombani? Watoto wa miaka sita wanafika bombani.

Lakini ninyi mlikuwa mmepata mchezo wenu. Alipozunguka kichuguu cha nyuma ya shule bila kushuka, poda. Alipopiga kengele huku anaendesha, jambo ambalo lilikuwa limemshinda kwa sababu hakuthubutu kulegeza kidole, poda. Na ile Jumamosi aliyotoka kwenye kazi ya pamoja akiwa bado amevaa kikwembe cha chama, mnyororo ukakitafuna pale pale penye alama ya mwenge. Wote mlipauka. Mlikata kwa kisu changu cha jikoni, mkafukia kipande kile chini ya makaa kabla kiongozi wa mtaa hajapita akauliza ni nani aliyerarua mwenge. Na mlipokwisha kutetemeka mlimwagiana poda tena, kwa sababu safari hii hakuanguka, alifunga breki. Poda kwa kufunga breki. Nilisema peke yangu kwamba nyumba hii ina wendawazimu, na mmoja nimemzaa mimi.

Sasa nikuambie kilichokuwa kinaniuma. Si poda. Mimi maisha yangu yote nimefanya mambo makubwa, Numbi. Nimekulea peke yangu, nimekulipia shule kwa unga, nimetoka Kinsevere na mvua ya radi nikiwa na magunia mawili, na hakuna aliyenipokea kwa vigelegele, kwa sababu niliyafanya kama mtu anayepumua. Na huyu anapiga kengele, krrin, na binti yangu anafurahi kama amejifungua mapacha. Nilimwonea wivu mpaka chakula kikawa hakina chumvi. Niliwahi kumwonea wivu yule wa Likasi, lakini yule alichukua mwanamume, na wanamume huenda. Huyu alikuwa anachukua jicho lako.

Kwa hiyo siku ile ilipofika, ile ya yeye kwenda Karavia kwa baiskeli kwa mara ya kwanza, wewe unajua nilichofanya, barabara nzima inajua. Niliifunga baiskeli kwa mnyororo kwenye chuma cha dirisha, nikafunga ufunguo ndani ya fundo la kitambaa changu cha kichwa. Alikuja asubuhi amejifunga vikwembe kikazi, wewe uko nyuma yake na kopo mkononi. Niliwaambia naihitaji kwa mahindi. Siku hiyo hakukuwa na mahindi, nanyi mlijua.

Hakugombana nami. Laiti angegombana. Aliutazama mnyororo, akasema taratibu, "Kinga iko yako, Mama Numbi, sibishi. Lakini mutoto naye utamufunga na shene?"

Akaondoka kwa miguu. Karavia, kwa miguu, na jua lile. Nawe ulibaki umesimama uani. Nilingoja unitukane. Hukunitukana. Ulisema neno ambalo mpaka leo nikichekecha unga ninalisikia.

"Mama, haukuniombaka hata siku moja. Kama uliniomba, ningekushika na weye."

Jioni ile ulikula kwake.

Asubuhi yake nilifungua mnyororo. Ulidhani nimeona haya. Haya niliona, lakini si haya iliyofungua mnyororo. Nilifungua kwa sababu nilikuwa nimeamua kumshinda. Ningempa baiskeli siku zake za kazi, na siku zangu za mahindi ningejifunza mwenyewe, njia ya Kinsevere, mbali, ambako hakuna anayenijua isipokuwa mahindi. Kukuomba unishike kiti sikuweza. Ulikwisha kukishika cha mwingine. Mimi si mtu wa kuvaa viatu vilivyokwisha kupanuliwa na mguu wa jirani.

Hivi ndivyo unavyoniona, na ni kweli. Lakini sikiliza na nusu ya pili.

Nilivaa ndani ile kaptula ya kazi aliyoisahau baba yako, na juu yake kikwembe, basi serikali haikuona kitu. Nilisimamisha baiskeli kando ya kichuguu, nikapanda juu ya kichuguu, nikavusha mguu juu ya bomba, nikajisukuma. Nikaanguka kushoto. Nikapanda tena, nikaanguka kushoto. Ningeweza kufumba macho nikakuambia nitaangukia wapi. Mwili wangu ulikuwa umezoea kusubiri baiskeli iniegemee upande ule, kwa hiyo nilipokuwa juu yake niliivuta kule kule nilikozoea kusimama, kama mtu anayejitafuta. Unakumbuka ule mkono uliovimba nikakuambia nimegonga mlango? Mlango wetu haujanigonga kamwe.

Nilikaa pembeni ya njia na magoti yenye vumbi jekundu, nikamwonea Mama Kapinga wivu kuliko wakati wowote. Yeye alikuwa na mtu nyuma yake. Nilielewa kwamba hakujifunza kwa sababu ana miguu hodari. Alijifunza kwa sababu kila alipopata kidogo kuna mtu aliyemwambia, hicho umekipata. Mimi nilikuwa nangoja nijue kuendesha mpaka mjini ndipo nijisifu, na kwa kungoja hivyo hata kichuguu sikukizunguka.

Siku moja nilirudi na nusu gunia la unga, maana nilikuwa nimesagisha huko huko, na gunia lilikuwa limefungwa nyuma. Nilichoka kusukuma. Nikasema, nikianguka nalo, basi nimeanguka. Nikasogea kichuguuni, nikapanda.

Numbi, ilikwenda. Ilikwenda imenyooka. Ule uzito wa nyuma niliujua, tumeishi nao miaka. Mgongo wangu ulitulia na mikono ikaacha kuvuta kushoto. Nilifika mpaka kwenye mti wa kwanza, nikapita, nikafika wa pili, nikapaza sauti peke yangu porini, "Amepita." Kisha nikashuka, na kushuka kwenyewe kulikuwa kuanguka kwa heshima. Nilifungua mdomo wa gunia, nikachota unga wa kidole kimoja tu, nikajipaka kichwani.

Uliniuliza jioni ile, mama mbona nywele zina unga? Nikakujibu nilikuwa napepeta. Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yangu. Nilijikung'uta kabla ya kufika Katuba ili usijue, kisha nikakukasirikia usiku mzima kwa sababu hukujua.

Tangu hapo naendesha. Naendesha na gunia, naendesha na nusu gunia. Siku moja nilijaribu na furushi la nguo tu, ikayumba, lakini ikaenda. Nilipofika kwenye lami kwa mara ya kwanza nilijipaka unga. Lori liliponipita nisianguke, nilijipaka unga. Nimekula unga mwingi kichwani mwaka huu, mwanangu. Na sasa ujue jambo moja ambalo hakuna anayelijua. Bila mzigo, siwezi. Nikiondoa gunia, baiskeli inakuwa nyepesi kama mbuzi aliyekata kamba, na mimi huyo, kushoto.

Matokeo yako yalipotoka, nilikimbilia kabati. Kopo lilikuwa jepesi. Nililitikisa, nikapiga chini yake kwa kiganja, kikatoka kidogo cha kukupaka paji la uso. Mama Kapinga akanipita mlangoni na kopo jipya, la kwake, akakumwagia lote, mkawa vizuka wawili mnaokumbatiana. Nami nikapiga vigelegele na wengine. Nilivipiga kwa nguvu ili nisilie.

Kisha ikaja hii ya Kananga. Shule ya ualimu imekupokea huko, na utakaa wapi? Kwa dada yake Mama Kapinga. Nani amekufundisha kusalimia kwa Kiluba cha kule, mpaka asubuhi unaniamkia "moyo" badala ya jambo? Sikatai, bila yeye ungelala stesheni. Lakini mtu anaweza kushukuru na kuuma meno kwa wakati mmoja, mimi nafanya hivyo kila siku.

Huyo dada yake atakupenda. Wewe ni wa kupendeka. Atakupikia, atakusuka nywele, na siku moja utamwita mama kwa bahati mbaya, halafu kwa mazoea. Mwache akupende. Mimi nitaona wivu nikiwa hapa, hiyo ni kazi yangu, wala usinisaidie. Nakuomba jambo moja tu: usipunguze furaha yako katika barua ili kunitunza. Ukifurahi kule, niandikie kwamba umefurahi na utaje aliyekufurahisha. Ukinificha, nitajua, kama ulivyouona ule unga kichwani, na itaniuma mara mbili.

Na wewe ukiona wivu, maana una damu yangu na kuna wasichana kule watakaokuzidi, usiufunge kwa mnyororo. Mimi niliufunga, nikabaki tu kuwatazama ninyi upande wa pili wa dirisha. Uulize, huyu ana nini ambacho mimi nakitaka? Mara nyingi utakuta ni kitu kidogo, ni mtu wa kukushikia kiti. Mwombe mtu. Mimi sikuomba, nikajifunza mwaka mzima kitu ambacho mwenzangu alijifunza kabla kiangazi hakijaisha.

Sasa tufike kwenye sanduku.

Juzi mezani Mama Kapinga alisema atakuchukulia sanduku mpaka gare ya treni kwa baiskeli yangu, mimi na wewe tutembee polepole tukizungumza. Ukasema merci, mama, ukanitazama kwa haraka. Nikaosha vyombo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwake sanduku lako ni jepesi, atalifunga kwa kamba mbili na kupiga kengele njia nzima. Lakini mzigo ule si wa mwenzangu. Nilikuhamisha kutoka mgongoni kwenda juu ya magunia kwa mikono hii.

Kwa hiyo asubuhi, ukitoka na sanduku, usimpe. Nitakuwa nimesimamisha baiskeli kando ya kizingiti, kaptula ya baba yako iko ndani ya kikwembe. Funga sanduku nyuma, ulikaze, unajua mafundo yangu. Kisha simama kando unitazame. Nitapanda, na nitaendesha kutoka mlango wetu mpaka gare, nipite chini ya yale maua ya rangi ya zambarau yanayoanguka mjini mwezi huu, na ninyi wawili mje nyuma kwa miguu, yeye na wewe, mzungumze mpaka mshibe. Najua mtazungumza. Nakupa njia nzima naye. Ni zawadi kubwa kuliko unavyodhani, na nisipogeuka kuwatazama ni kwa sababu nikigeuka nitaanguka.

Najua pia utakachotaka kufanya tukifika. Lile kopo letu la zamani, nimelitikisa leo, bado lina kidogo chini. Nimeliweka juu ya barua hii ili ulione. Lakini usinimwagie pale gare. Kwenda na mzigo nimezoea, nimekwenda na mizigo maisha yangu yote. Kitu ambacho sijawahi kukifanya ni kurudi. Sanduku litakuwa ndani ya treni, nyuma yangu hakutakuwa na kitu, na kutoka pale mpaka Katuba ni mbali kwa mtu anayeanguka kushoto. Nitaanguka. Nitapanda tena. Sitasukuma, hilo naapa mbele ya unga huu. Na nikifika mlangoni nikiwa juu ya kiti, hata kama kikwembe kimeraruka, hiyo ndiyo siku ninayotaka poda, na nataka inimwagikie kichwani kutoka mkononi mwa mtu mwingine, kwa sababu hii ya kujipaka mwenyewe nimeshachoka nayo.

Ningetaka uwe wewe. Lakini wakati huo utakuwa ndani ya treni, njiani kupita Likasi ya baba yako.

Basi mpe Mama Kapinga lile kopo. Atembee nyuma yangu wakati wa kurudi, asishike kiti mpaka nimwambie. Mimi kumwomba siwezi, nimejaribu jioni hii, nimefika mpaka ukutani nikasikia mnacheka, nikarudi kukuandikia wewe. Mwombe wewe, kabla treni haijaondoka.

Mama yako